Kuachishwa kazi na msimamo wa kisiasa: niliyoyapitia mimi

Ndugu mleta mada, umeuliza kama mtu aliyeachishwa kazi huwa mkali zaidi kisiasa. Kwa niliyoyapitia, ukali huchelewa sana, na wengine hauwafikii kabisa.

Nilikuwa mwajiriwa wa kampuni ya utalii Arusha hadi mwaka 2020, korona ilipokatisha safari za wageni tukapunguzwa wengi. Ndege za kimataifa ziliruhusiwa tena mwezi Mei, lakini watalii waliendelea kuwa haba. Kilichonishika kwanza ni aibu. Nilianza kukwepa shughuli za watu kwa sababu ya michango, usingizi ukawa wa mang'amung'amu, na vikao vya mtaa, ambavyo zamani sikuvikosa, nikaviacha. Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 28 ulipofika sikwenda kupiga kura, ingawa chama changu kilikuwa kilekile, kwa kuwa sikutaka kupanga foleni na watu ambao wangeniuliza siku hizi niko wapi.

Hali hii ni ya zamani. Huko Marienthal, kijiji cha Austria kilichotegemea kiwanda kimoja cha nguo kilichofungwa mwanzoni mwa mdororo mkuu wa uchumi, mtafiti Marie Jahoda na wenzake walikuta wanaume wakitembea polepole barabarani, vitabu vya maktaba vikiazimwa kwa uchache kuliko awali, na shughuli za vyama zikififia, wakati ambapo wengi wangetarajia kuona ghasia.

Kwangu hasira ilikuja nilipofuatilia mafao. Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 ilikuwa imeondoa fao la kujitoa, yaani mtu kuchukua michango yake yote ya mfuko wa pensheni baada ya kuacha kazi, na kuweka fao la kukosa ajira, ambalo kwa aliyechangia angalau miezi 18 ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Hoja ya kulinda akiba ya uzeeni naielewa na naiheshimu, lakini miezi sita ni michache mno kwa mtu mwenye watoto shuleni na sekta nzima imesimama. Hapo ndipo nilipotambua kwamba jambo hili lilipitishwa bungeni nikiwa kazini, wala sikulijali. Siku hizi mgombea ubunge akifika mtaani kwetu, swali langu la kwanza ni fao hilo, na wenzangu tuliopunguzwa pamoja, wa chama tawala na wa upinzani, wanauliza lilelile.