Hakuna mtu mwenye nafasi ya kufungwa

Msomaji wa Makorora, Tanga, ameuliza: "Shikamoo mwalimu. Nacheza gemu la kusimamia timu kwenye simu, kabla ya mechi likanionesha nina nafasi ya kushinda asilimia 80. Nimepiga mashuti 9 nimefungwa moja bila. Washkaji wanasema sina bahati, mi nasema gemu linadanganya. Neno sahihi ni bahati, nafasi au uwezekano?"

Marahaba mwanangu. Naanza na hiyo nafasi maana imenichosha, nimeisikia redioni, nimeisikia uwanjani, sasa imeingia mpaka kwenye simu. Juzi nipo uwanja wa Mkwakwani, jamaa nyuma yangu anasema "leo Coastal wana nafasi kubwa ya kufungwa". Jamani, nafasi ya kufungwa! Yaani kufungwa ni kitu mtu anakitafuta, anakiombea dua, akikipata anashukuru? Nafasi ni uwazi, ni pumzi, neno lenyewe limetoka kwenye nafas ya Kiarabu, ndo maana tunasema leo sina nafasi, nipishe nafasi nikae, binti kapata nafasi ya kusoma. Na kwenye mpira ndo kabisa lina kazi yake: fowadi kabaki na kipa, mpira upo mguuni, beki yuko nyuma anakimbia, hiyo ndo nafasi, uwanja mzima tunaiona kwa macho, akipaisha tunasema kaipoteza. Sasa asilimia 80 utaipoteza vipi, nani kaiona? Halafu utasikia "ana nafasi kubwa ya kupata malaria", mtu anapewa ugonjwa kama anapewa kazi bandarini. Hilo silipitishi hata watangazaji wote waseme.

Kwahiyo mashuti yale 9, yaliyokuwa ya maana ndo nafasi zako. Ile 80 ni uwezekano. Uwezekano ni wa jambo, sio wa mtu: uwezekano wa mvua kunyesha, wa basi kuchelewa, wa Coastal kufungwa, zuri na baya vyote vinaenea humo. Tena ni neno letu wenyewe, weza, wezekana, uwezekano, tunalikimbia kwa nini?

Bahati, iliyotoka Uajemi ikapitia kwa Waarabu, yenyewe ina mwenyewe. Ndo wahenga wakasema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Na mara nyingi tunaitaja mambo yakishatokea, kwahiyo washkaji zako kusema huna bahati hawajakosea, nawaachia.

Ila kuna kosa lingine nyuma ya swali lako, watu wakisikia 80 wanasikia lazima. Barazani kwetu Ngamiani tunacheza ludo, mzee mwenzangu kete zake nne zote zimelala nyumbani anasubiri sita, katupa dadu mara sita haijatoka, kaweka kikombe cha kahawa chini kwa hasira anasema dadu ni mbovu, "nyuso sita, nimetupa mara sita, lazima itoke!" Nikachukua kalamu nikampigia hesabu nyuma ya boksi la kiberiti: uwezekano wa kuikosa sita mara sita mfululizo ni kama asilimia 33, theluthi nzima. Dadu haina kosa lolote, lenye kosa ni hilo "lazima" lake.

Gemu lako ni hivohivo. Haya magemu, tangu Hattrick ya Uswidi ya 1997 mpaka Top Eleven iliyotoka Serbia 2010, kwa ujumla yanapima nguvu za timu zote mbili kisha kompyuta inachota namba bila kuchagua, kama mtu anayetupa dadu, na hapo neno lake ni nasibu, sio bahati, maana kompyuta haina nyota. Mechi tano za asilimia 80 kila moja, uwezekano wa kuzishinda zote tano nao ni kama 33 tu, ileile ya mzee wa ludo.

Sasa hilo la kudanganya. Chukua daftari, andika mechi 50 zile ambazo gemu limekuonesha 80. Ukikuta zisizo na ushindi ni kumi hivi, au zimezidi mbili tatu, gemu limesema kweli na unalidai radhi. Ukikuta ni 25, niandikie tena, "linadanganya" yako nitaipitisha mwenyewe.