Kwa nini maji ya mtungi ni baridi kuliko ya ndoo

Dada, umeuliza kwa nini maji ya mtungi yanapoa na ya ndoo ya plastiki yanabaki vuguvugu, ilhali vyote vimekaa kona moja. Pitisha kiganja ubavuni mwa mtungi: utaona unyevu. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo mno, maji yanapenya polepole hadi nje, kisha yanageuka mvuke. Kugeuka mvuke kunahitaji joto jingi sana, na joto hilo linachukuliwa kwenye maji yaliyobaki ndani. Katika lita 1, zikikauka gramu 10 tu (kama vijiko viwili vya chai), maji yanaweza kushuka karibu nyuzi 6, kama hakuna joto jipya linaloingia. Plastiki haipitishi maji, kwa hiyo ndoo haina njia hiyo. Ni kama jasho linavyotupoza sisi.

Ndiyo maana mtungi unafanya kazi vizuri zaidi Dodoma kwenye hewa kavu kuliko Dar au Mombasa wakati wa masika, hewa ikiwa imeshajaa unyevu.

Nakuomba sana usiupake rangi ya mafuta ili upendeze. Bibi yangu alipakiwa wake na mjukuu mmoja. Vitundu vikaziba, maji yakawa kama ya ndoo. Uweke kivulini, penye upepo, juu ya mchanga uliolowana kidogo. Ukiota utelezi wa kijani, usugue kwa brashi na maji tu.