Usilaumu mbegu kabla hujautazama mkia

Ng'ombe wangu wa kwanza chotara, mchanganyiko wa kienyeji na wa kigeni, alipandishwa mara tatu na hakushika mimba. Nikamlalamikia mhimilishaji, yaani mtaalamu anayempandikizia ng'ombe mbegu za dume, nikalaumu mbegu, nikaanza hata kumtafutia mnunuzi. Kumbe kosa lilikuwa langu: nilikuwa napiga simu nikiona damu kwenye mkia.

Damu ile hutoka siku moja hadi tatu baada ya joto, yaani kipindi cha ng'ombe kutaka dume, kupita. Ukiiona umeshachelewa. Andika tarehe, na kuanzia siku ya 16 hivi kaa macho, maana mzunguko ni kama siku 21, ingawa wengine hurudi siku ya 18 na wengine ya 24.

Dalili isiyodanganya ni ng'ombe kusimama tuli anapopandwa na mwenzake. Lakini sisi wenye ng'ombe mmoja bandani, nani atampanda? Tunabaki na ute: mwangavu, unavutika kama ute wa yai. Akiwa amelala hudondoka sakafuni nyuma yake, na asubuhi huwa umekaukia mkiani ukang'aa. Ng'ombe mwenyewe hulia ovyo, hagusi majani, maziwa hupungua ghafla. Joto lenyewe ni la saa chache, mara nyingi usiku, wakati sisi tunakoroma. Siku hizi naingia bandani na tochi kabla ya kulala, kisha tena alfajiri kabla ya kukamua.

Ukimwona asubuhi, apandishwe jioni. Ukimwona jioni, kesho asubuhi.

Wapo wasioonyesha joto kabisa, na hapo nenda kaangalie hori. Akitoka kuzaa, chotara mwenye damu nyingi ya kigeni hukamuliwa hadi mafuta ya mwilini, na mbavu zikihesabika hatakuonyesha kitu. Mimi humwacha siku 60 nikimlisha vizuri ndipo nianze kuvizia. Mtamba, yaani jike ambaye hajazaa bado, naye mtazame mwili kabla ya kumpandisha, usihesabu miezi tu. Akiwa mdogo, usimwekee mbegu ya dume linalozaa ndama wakubwa. Na jina la dume liandikwe daftarini, usije ukampandisha binti kwa baba yake.

Siku 21 baada ya kumpandisha zikipita kimya, usisherehekee bado. Baada ya miezi miwili hadi mitatu mwite daktari wa mifugo ampime. Mimi niliwahi kumlisha "mwenye mimba" miezi saba, tumbo limejaa majani matupu.