Kabla ya kuhesabu mayai ya minyoo, hesabu visiki

Wengi wanaoanza kuchunguza vimelea vya wanyamapori hukimbilia hadubini, na msitu wenyewe wakaupa mstari mmoja tu: "umeharibiwa" au "haujaharibiwa". Hapo kazi imeshaharibika. Kandokando ya hifadhi ya Kibale, magharibi mwa Uganda, vipande vya msitu vimebaki pale ambapo jembe lilishindwa: mabonde ya majimaji na miteremko mikali ya maziwa ya kreta (yaliyo ndani ya mashimo ya volkano). Watafiti Thomas Gillespie na Colin Chapman walipima minyoo ya mbega wekundu katika vipande hivyo, wakachapisha mwaka 2006. Kilichoendana zaidi na maambukizi ni wingi wa visiki, si ukubwa wa kipande. Kisiki ni nyayo ya mtu: aliingia kutafuta kuni za kupikia waragi (pombe kali ya Uganda) au za kuchomea matofali, na huenda alijisaidia humo humo.

Kwa hiyo pima kwanza. Nyosha kamba mita 100, hesabu visiki vyote mita 5 kila upande, andika kipenyo na kama kisiki ni kibichi au kikavu. Pima pia umbali hadi nyumba ya karibu, njia za watu, mahali mifugo inaponywea, na idadi ya mbega kwa hekta. Usidhani kila palipokatwa miti pana minyoo zaidi. Jua likipiga udongo, mabuu ya minyoo (watoto wanaotoka kwenye mayai) hukauka na kufa. Kivuli chenye unyevu chini ya mti mmoja ambao kundi zima hulala ndicho cha kuogopa.

Kinyesi kikusanywe dakika ile ile kilipoanguka, kutoka kwa mnyama uliyemwona kwa macho. Kikikaa chini, minyoo ya udongoni isiyo vimelea huingia, nawe utaihesabu kama ugonjwa. Vaa glovu, chota katikati ya bonge pasipogusa ardhi. Gawa mara tatu pale pale: gramu 2 ndani ya formalini, dawa ya kuhifadhi, ya asilimia 10 (sehemu moja ya ile ya dukani kwa tisa za maji), kiasi kidogo ndani ya ethanoli (spiriti) kwa ajili ya DNA, na kingine kibaki kibichi. Formalini huharibu DNA, kwa hiyo chupa moja haitoshi. Lebo iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka ethanoli ikimwagika, na chupa arobaini zisizo na jina ni takataka.

Andika jinsia, rika na alama yoyote ya mnyama, kovu au mkia uliokatika. Sampuli 60 kutoka kwa mbega 9 si wanyama 60. Kosa hili huangusha tasnifu.

Kwa kuhesabu, tumia chemba ya McMaster, kioo chenye vyumba viwili vyenye mistari ya kuhesabia. Gramu 2 za kinyesi kwenye mililita 28 za maji ya chumvi iliyokolea: gramu 400 kwa lita ya maji moto, koroga mpaka chumvi nyingine igome kuyeyuka, acha ipoe. Chuja, jaza vyumba viwili, subiri dakika 5, kisha hesabu bila kuchelewa, kwani chumvi huyafinya mayai na fuwele hufunika kioo. Kila yai unaloliona katika vyumba hivyo viwili ni sawa na mayai 50 kwa gramu ya kinyesi, kwa hiyo sifuri yako maana yake ni "chini ya 50". Sampuli ya formalini izungushwe kwenye sentrifuji, mashine inayotenga mashapo na maji, na maji yamwagwe kabla ya kupima uzito, la sivyo unapima formalini. Mayai ya minyoo bapa ya ini ni mazito, hayaelei. Yatafute kwenye mashapo.

Yai la Trichuris, minyoo mjeledi, halikosewi: pipa dogo lenye kizibo kila ncha. Yale ya jamii ya strongili, minyoo ya mviringo ya utumboni, ndiyo mtego. La mbuzi na la mbega yote ni duara refu lenye ganda jembamba, na hadubini haitakuambia nani kamwambukiza nani. Hapo ndipo kile kinyesi kibichi kinapohitajika. Kichanganye na makaa yaliyosagwa, kiwe na unyevu bila kutiririka, weka kwenye nyuzi 25 hadi 27 kwa siku 7 hadi 10, ukifungua kifuniko kila siku kipate hewa. Kisha kifunge kwenye shashi, kiweke juu ya faneli yenye maji vuguvugu hadi asubuhi. Mabuu hushuka shingoni, nawe unawatofautisha kwa mkia na seli za utumbo. Fanya hivyo kwa mbuzi wa jirani pia, wiki ile ile, na upeleke mabuu wa pande zote mbili kwenye kipimo cha DNA kabla ya kuandika kwamba mbuzi na mbega wanaambukizana.