Kazi Ikikuzidi, Mfuate Bosi Mapema

Mdogo wangu unayeanza kazi kwenye kiwanda cha minofu hapa Mwanza, ugomvi wako na bosi mara nyingi utatokana na wingi wa kazi kuliko mshahara. Sangara hana ratiba. Leo wanakuja kidogo, kesho magari yanapanga foleni getini, na barafu ikiyeyuka hasara imeanza. Bosi naye anabanwa na mteja. Ukilijua hilo, hutaona kila amri yake ni uonevu.

Ila usinyamaze. Tumelelewa kutomjibu mkubwa, kwa hiyo mtu anaitikia "sawa bosi" kwa kila kitu, anajaza moyoni, halafu siku moja analipuka mbele ya wenzake. Hapo hata kama una haki, kinachojadiliwa ni utovu wa nidhamu.

Kuna binti wa mapokezi ya samaki nilimwona akilimaliza vizuri sana. Alikuwa anapima mzigo na kuandika joto la samaki, kisha akaongezewa nyaraka za kusafirisha. Shifti ilipoisha alimfuata meneja ofisini na karatasi ya daftari: kila kazi na muda wake. "Shikamoo mkuu. Nimejumlisha, zinafika masaa kumi na tatu, na shifti yangu ni masaa tisa. Naomba uniambie ipi itangulie na ipi apewe mwingine." Meneja aliisoma mara mbili. Hakuna aliyewahi kuzijumlisha kazi zile. Kila mmoja alikuwa akiongeza ya kwake tu. Nyaraka zikahamia kwa karani.

Sheria ijue, lakini usiingie nayo mlangoni kama fimbo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ovataimu ni ya makubaliano, isizidi saa 50 kwa wiki nne, na kila saa yake hulipwa moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida.

Bosi akikataa kusikia, nenda kwa afisa rasilimali watu au tawi la chama cha wafanyakazi. Mwisho ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko muda unahesabiwa: siku 30 ukipinga kuachishwa kazi, 60 kwa migogoro mingine. Kwa hiyo kila wiki piga picha rosta ya zamu kabla haijabanduliwa ubaoni, iwe ushahidi wako wa saa na tarehe.