Walinicheka kwenye mpando, abiria anaogopa mteremko

Wiki hii mmetuuliza: ukidharauliwa na waendesha pikipiki wenzako kwa sababu ya chombo chako, unafanyaje? Swali limenikuta kijiweni Mlali, chini ya Milima ya Uluguru, mvua inanyesha na abiria hakuna. Nikaona hili nilijibu kwa kirefu. Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye bodaboda. Miaka yote hiyo naendesha Mchina, yaani pikipiki ya Kichina, yenye injini ya CC 125, na miaka minne ya mwanzo haikupita wiki bila kurushiwa neno.

Kwa asiyejua vijiwe vyetu, pikipiki zina madaraja kama watu. Juu wapo wenye Boxer, hasa ile ya CC 150. Mwenye TVS naye anaheshimika. Mchina anahesabiwa chombo cha mtu ambaye bado hajajipata. Halafu Jumapili ukiwa Morogoro mjini, ikapita misafara ya wale wa pikipiki kubwa kutoka Dar es Salaam, utamwona hata mwenye Boxer ananywea. Kila mmoja ana wa kumtazama kwa chini, na kila mmoja ana wa kumtazama yeye kwa chini. Tunasahau kwamba kazi yenyewe ilianza kwa baiskeli, kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda.

Pikipiki yangu waliipa jina la Debe. Nilivumilia, maana utani ni sehemu ya kijiwe. Lakini utani ukigusa riziki si utani tena. Siku moja zamu ilikuwa yangu, akaja mama mmoja na furushi lake, anapanda Nyandira, kule juu milimani. Nimeshapiga kiki, nimempa helmeti, ameivaa. Kijana mmoja akapaza sauti: "Mama, hilo debe utalisukuma njiani. Panda chombo wewe!" Yule mama akaitazama pikipiki yangu, akaitazama Boxer iliyokuwa nyuma, akavua helmeti akanirudishia. Hakusema kitu. Ilikuwa bado na joto la kichwa chake.

Nauli ya Nyandira si ya kuruka mtaa. Siku ile nilirudi nyumbani na hela ya unga tu.

Kwanza nilikasirika, nikafanya mambo ya hasira. Nikabandika stika, nikafunga taa za rangi, nikabadili ekzosi ili ingurume. Fedha ile ingenunua cheni na sproketi mpya, na vyote viwili vilikuwa vinahitajika. Halafu nikageukia hoja. Niliwaambia kwamba injini nyingi za Kichina za aina ya yangu zimefuata ile ya Honda CG125 ya miaka ya 1970, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wa nchi kama zetu wanaozidisha mzigo na kuchelewesha oili. Ndiyo maana valvu zake zinasukumwa na fimbo na si cheni ya ndani. Nikawaambia hata Boxer wanayoisifu, kampuni ya Bajaj ya India iliitengeneza ikiwa na ushirika na Kawasaki ya Japani, kwa hiyo hakuna chombo kilichoshuka kutoka mbinguni. Yote ni kweli, na hayakunisaidia hata kidogo. Walicheka zaidi, wakasema sasa Debe limesoma.

Kilichonibadilisha ni mambo mawili, na moja linaniuma mpaka leo.

Kulikuwa na mdogo wangu mmoja pale kijiweni, si wa tumbo moja lakini nilimlea kwenye kazi. Alikuwa na Mchina wake mwenyewe, amemaliza kuulipa, hadaiwi na mtu. Alichekwa mpaka akauza. Akachukua Boxer ya tajiri kwa mkataba, yaani unalipa kidogo kidogo mpaka chombo kiwe chako: shilingi 10,000 kila siku, jua liwake mvua inyeshe. Miezi saba alilipa vizuri. Mwezi wa nane akaugua, akalala zaidi ya wiki mbili, na tajiri akaja kuchukua chombo chake. Alichokuwa amelipa kilipotea chote. Leo yule kijana ni deiwaka, anashika pikipiki ya mtu pale mwenyewe anapokwenda kula au kulala. Hakuna aliyemcheka ambaye alimchangia hata lita moja ya mafuta. Ndiyo maana hasira yangu kwenye jambo hili haijapoa. Dharau ile haikuishia kwenye maneno, ilimnyang'anya mtu mali yake.

Jambo la pili nilijifunza kwa abiria. Siku moja natoka Nyandira na mwalimu mmoja, tunaanza kuteremka, akanishika bega kwa nguvu. "Kaka, usiachie nyutro. Juzi nimeshushwa na kijana amezima na injini, eti anaokoa mafuta." Nikamwambia nashuka na gia ya pili mpaka chini. Nilimsikia akipumua. Basi nikakaa na neno lile. Pale kijiweni tunabishana usiku kucha chombo gani kinapanda kwa nguvu, na abiria wetu anachoogopa ni kuteremka. Ukiachia nyutro, yaani ukiteremka bila gia, mteremko mrefu kama ule, breki inabeba kazi yote peke yake, inapata moto, na mwisho unaikanyaga haishiki. Hapo CC 150 haikuokoi.

Nikavua zile taa za rangi. Nikafunga breki mpya mbele na nyuma, tairi la nyuma lenye meno, na helmeti ya pili iliyo safi, ninayoifuta ndani kila jioni. Abiria akisita kupanda, simwambii habari za Honda. Namwambia, "Dada, kanyaga mwenyewe breki hii hapa kabla hatujaondoka." Wengine wanakanyaga kweli, kisha wanapanda.

Kijiweni nako sikunyamaza. Tulipokaa kikao cha michango ya msiba nikaomba neno kwa mwenyekiti. Nilisema abiria ana haki ya kuchagua chombo anachotaka, hilo silipingi, ni hela yake. Lakini dereva asikiponde chombo cha mwenzake mbele ya abiria. Nikataja habari ya yule mdogo wetu kwa kirefu, naye alikuwa amekaa palepale, na watu wakainamisha vichwa. Mzee mmoja, mwenye Boxer tena, ndiye aliyesimama kuniunga mkono. Tukakubaliana: ukimharibia mwenzako abiria kwa maneno, zamu yako inayofuata unampa yeye. Sheria hiyo ipo mpaka leo na imeshawapata wawili.

Jina la Debe bado wananiita, na siku hizi naitika bila kinyongo. Yule mwalimu naye hushuka na mimi kila mwisho wa mwezi. Juzi alinipigia mbele yangu kuhakikisha namba, nikaona alivyoniandika kwenye simu yake: Boda Gia ya Pili.