Maswali ya Wasomaji: Kitongoji kilichojengwa London enzi za Mfalme Edward

SWALI: Ndugu Mhariri, katika masomo yangu ya mipango miji hutajwa mara kwa mara Hampstead Garden Suburb, kitongoji cha kaskazini mwa London kilichoanza kujengwa enzi za Mfalme Edward wa Saba. Pichani naona nyumba za matofali zenye mapaa makubwa, zikizungukwa na bustani. Je, kinachokitofautisha na vitongoji vilivyokitangulia ni usanifu tu?

JIBU: Ndugu msomaji, usanifu wa nyumba zile ni mzuri mno, lakini ukitaka kukielewa kitongoji hiki anza na ardhi yake na sheria yake. Mwanzilishi wake, Henrietta Barnett, alikuwa ameishi miaka mingi Whitechapel, mashariki mwa London, ambako mumewe, Kasisi Samuel Barnett, alihudumia kanisa katika mitaa iliyojaa umaskini na msongamano. Wawili hao walikuwa pia na nyumba ya mapumziko kando ya uwanda wa Hampstead Heath. Habari zilipoenea kwamba reli ya umeme ipitayo chini ya ardhi ingefikishwa Golders Green, mahali palipokuwa mashamba matupu, mama huyu alijua vizuri yatakayofuata: safu baada ya safu za nyumba zingejengwa kwa haraka na wafanyabiashara hadi ukingoni mwa Heath. Basi alianza kuchangisha fedha, na ekari 80 za ardhi ya chuo cha Eton zikanunuliwa ili zibaki wazi kwa umma. Ekari nyingine 243 zilinunuliwa mwaka 1907 kwa ajili ya makazi, na mwaka huohuo, mwezi Juni, treni zikaanza kufika Golders Green.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Kanuni za ujenzi zilizokuwa zikitumika wakati wa Malkia Victoria zililenga afya, nazo zilifanya kazi kubwa ya kuleta hewa na mifereji katika miji. Lakini kwa kudai barabara pana za aina moja kila mahali, zilizaa mitaa mirefu iliyonyooka, nyumba zikiwa zimebanana na bila mti mmoja. Raymond Unwin, mpangaji wa kitongoji hiki, hakuweza kuchora alichokitaka bila kuzivunja. Kwa hiyo Bunge lilipitisha sheria maalumu mwaka 1906, iliyoruhusu njia nyembamba pamoja na barabara fupi zisizotokea upande wa pili, kwa masharti kwamba wastani usizidi nyumba 8 kwa ekari na kwamba nyumba zinazotazamana zitenganishwe na nafasi ya futi 50 au zaidi. Soma tena masharti hayo huku ukitazama picha zako. Ule utulivu unaouona, nyumba zikikusanyika kuzunguka kiwanja kidogo cha nyasi na barabara ikipinda kuufuata mteremko, ulianzia katika maandishi ya sheria hiyo. Mipaka ya viwanja nayo iliwekwa kwa uzio wa mimea mahali pa kuta, na miti iliyokuwapo ilihifadhiwa kadiri ilivyowezekana.

Katikati, juu ya kilima, mambo hubadilika. Uwanja mkuu ulibuniwa na Edwin Lutyens, naye akaweka makanisa mawili yakitazamana, pamoja na jengo la elimu, kwa mpangilio rasmi na wenye ulinganifu kuliko mitaa ya Unwin. Wapo wanaouona uwanja huo kuwa mkubwa na mpweke mno kwa wakazi wake, nami nakubaliana nao, ingawa mnara wa kanisa la St Jude unaoonekana kutoka mbali ni kazi ya kupendeza sana.

Lengo lililo moyoni mwa mwanzilishi lilikuwa matabaka yote yaishi jirani. Nyumba ndogo za mafundi na vibarua zilijengwa upande wa kaskazini, zikitegemea nauli nafuu ya kwenda kazini. Kubwa zilikaribia Heath. Na mwaka 1909 likakamilika Waterlow Court, jengo la M. H. Baillie Scott kwa ajili ya wanawake waliojitegemea kwa kazi zao, vyumba vikizunguka ua mmoja na wote wakiwa na ukumbi wa kulia chakula. Inasikitisha kwamba uzuri wenyewe ulipandisha thamani ya nyumba, na leo hata zile ndogo za mafundi ziko mbali kabisa na uwezo wa watu waliokusudiwa. Tangu mwaka 1968 kitongoji ni eneo la hifadhi, na kubadilisha hata dirisha kunaweza kuhitaji kibali.

SWALI: Msomaji mwingine anauliza kwa nini hakuna duka wala baa katikati yake.

JIBU: Henrietta Barnett aliiona pombe kuwa chanzo cha mateso aliyoyashuhudia Whitechapel, akataka watu wakutane kanisani, darasani na katika nyumba ya klabu isiyouza kileo. Maduka yaliwekwa pembeni, Temple Fortune, kwenye barabara ya Finchley, chini ya makazi ya ghorofa katika majengo mawili yaitwayo Arcade House na Gateway House, ambayo hadi sasa yamesimama kila upande wa njia ya kuingilia kama minara ya lango la mji wa kale.